Vumbi la Kioo na Vumbi la Mapafu

Kuanzia Juni hadi Septemba, asubuhi za Kahama na Geita huanza na kitambaa. Dereva hufika kabla ya bosi wake, hupangusa kioo cha mbele kilichogubikwa na vumbi, kisha gari lenye namba za SM huondoka likiwa limefungwa vioo vyote, likimtimulia vumbi lilelile mama muuza maandazi.

Ofisa mmoja aliwahi kuniambia kwamba vumbi ni majira tu, kama mvua. Sikubali. La barabarani hutuudhi; la mawe yanayosagwa kwenye makarasha huua. Mwamba wenye dhahabu una silika, na chembe zake zisizoonekana kwa macho hujikita mapafuni na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, tena hukifungulia mlango kifua kikuu. Kijana anayesaga mawe Nyarugusu, fulana kaifunga puani, hana waipa ya mapafu.

Kinga yake haihitaji semina (wala posho): maji yanyunyizwe wakati wa kusaga, makarasha yahamishwe mbali na makazi, barabara za malori zimwagiwe maji. Tangu mwaka 2017, Sheria ya Madini inawataka wamiliki wa leseni waandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na halmashauri ndiyo inayouidhinisha. Basi nawauliza waheshimiwa madiwani na wakurugenzi: katika mipango mliyoipitisha, vumbi limo ukurasa wa ngapi?