Mtaji wa mizinga: zaka, mkopo au ushirika?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazee wa Unguja na Pemba wamekuwa wakituuliza: kijana amemaliza skuli, hana kazi, anataka kufuga nyuki. Pesa za kuanzia zitoke wapi? Kazi yenyewe ni ya kheri. Ipo sura nzima yenye jina la nyuki, na aya zake za 68 na 69 zinataja nyumba zao na shifaa iliyomo katika asali. Visiwa vyetu navyo vina mikoko, minazi na miembe, kwa hiyo maua hayakosekani.

Kabla ya hukumu, tuitazame kazi. Mzinga ukishatundikwa, mara nyingi hungojewa nyuki waingie wenyewe, na huenda wakachelewa. Wakishaingia hujenga masega na kuzaliana, ndipo wanapoweka akiba ya kurinwa. Katikati ya hapo huvamia siafu, nondo huharibu masega, na nyuki wakiudhiwa huhama wote. Sasa mpe kijana huyu mkopo unaoanza kulipwa mwezi unaofuata. Atalipa kwa kitu gani? Tumewaona waliouza mizinga kumaliza deni kabla hawajaonja asali. Mkopo wa riba hatuujadili, ni haramu, hata nyongeza ikiitwa "ada ya huduma" huku ikipanda kwa kadiri ya pesa na muda. Lakini hata mkopo mwema usio na riba bado ni deni. Anayeutoa aanze kuhesabu marejesho baada ya kurina, si baada ya kutia saini.

Kwa kijana fakiri, rai yetu ni zaka. Wengi wetu tumezoea kuigawa Ramadhani kwa noti ndogo ndogo, nyumba hadi nyumba, na ikifika Shawwal hakuna kilichobaki. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafii, anaeleza kwamba fakiri mwenye ujuzi wa kazi hupewa cha kununulia vyombo vya kazi yake, thamani yake iwe ndogo au kubwa. Basi mizinga, nguo za kinga na bomba la moshi vinaingia humo. Masharti ni mawili: awe anastahiki zaka kweli, na apewe viwe milki yake. Haifai kumwambia "utarejesha." Na kwa vile Nawawi anamzungumzia mwenye ujuzi, kijana kwanza akae msimu mmoja na mrinaji mzoefu. Mizinga iliyogaiwa bila mafunzo tumeiona ikigeuka viota vya mijusi.

Kijana asiyestahiki zaka, ambaye baba au ami yake ana akiba, waingie ushirika: mmoja atoe mizinga, mwengine kazi, wagawane asali kwa fungu walilokubaliana, kama nusu kwa nusu. Mashafii wanaifunga mudharaba kwenye biashara ya kununua na kuuza. Mahanbali ni wapana zaidi, wanajuzisha kumkabidhi mtu mnyama wako afanyie kazi kwa sehemu ya pato. Kwa haja iliyopo, hatuoni uzito kuwafuata hapa. Nyuki wakihama bila uzembe wa kijana, mwenye mizinga amepoteza faida na kijana amepoteza jasho. Hapana anayemdai mwenzake. Liandikwe, hata baina ya baba na mwana. Ugomvi mwingi wa mirathi unaotufikia ulianza na mali ambayo haikuandikwa ni ya nani.

Mwenye duka anayetaka kulipia asali mapema naye ana mlango wa salam: alipe thamani yote papo hapo, na itajwe sifa ya asali, kipimo na siku ya kukabidhi. Asiseme "asali ya mzinga ule," kwani mzinga ule huenda usitoe kitu. Ila salam ni deni la asali juu ya kijana. Nyuki wake wakihama, itambidi aitafute kwengine. Kwa hiyo tunamshauri aliyekwisha kurina misimu miwili au mitatu, si anayeanza.

Wallahu aalam.