Uliambiwa una homa ya ini B lakini huhitaji dawa? Rudi upimwe

Wiki iliyopita alikuja baba mmoja na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Miaka sita iliyopita alikwenda kuchangia damu, akaambiwa ana homa ya ini B. Hospitali wakamweleza kuwa ini lake halina shida, asubiri tu. Hakuna aliyemwambia anasubiri nini, wala arudi lini.

Watu kama yeye ni wengi, na kwa baadhi yao jibu limebadilika. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya wa matibabu. Mwongozo wa 2015 ulikuwa mgumu: kama ini halijasinyaa, dawa alipewa hasa aliyevuka miaka 30, ALT yake ikiwa juu muda wote na virusi vikizidi 20,000 kwa mililita ya damu. Sasa kiwango ni 2,000, ALT ikiwa juu, kuanzia umri wa miaka 12. Mwenye dalili za makovu kwenye ini anaanza dawa. Anaanza pia mwenye VVU, kisukari, au ambaye kwenye familia kuna aliyepata saratani ya ini au ini kusinyaa, hata kama vipimo vingine ni vizuri.

Kwa nini kubadilika? Kwa sababu tulikuwa tunawaacha wengi nje. WHO inakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na ugonjwa huu. Asilimia 13 tu ndio waliokuwa wamegunduliwa, na takribani asilimia 3 ndio waliokuwa kwenye dawa.

Sasa tuisome ile karatasi. HBsAg ni ganda la kirusi. Likionekana kwa zaidi ya miezi sita, ugonjwa ni sugu. HBeAg kwa kawaida huonyesha kuwa virusi vinazaliana kwa kasi. Anti-HBc huonyesha kuwa mwili umewahi kukutana na kirusi chenyewe, maana chanjo haiwezi kuileta. Anti-HBs ni kinga. Mama mmoja alinipigia simu analia kwa sababu mtoto wake alikuwa "positive". Kumbe ilikuwa anti-HBs: chanjo ilikuwa imefanya kazi yake.

ALT ndiyo inayowachanganya wengi, hata sisi madaktari. Kirusi cha homa ya ini B chenyewe hakiui chembe za ini. Zinazoziua ni askari wa mwili wetu, pale wanapozishambulia chembe zilizoingiliwa, na chembe zikivunjika ndipo ALT inamwagika kwenye damu. Kijana aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na mamilioni ya virusi na ALT nzuri kabisa, kwa kuwa kinga yake haijaanza kupigana. Miaka mingi baadaye inaanza, inatulia, inaanza tena, na kila vita huacha makovu. Ndiyo maana kipimo cha siku moja hakitoshi. Ambaye hajaanza dawa apimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Tulipompima yule baba, ALT ilikuwa 38. Maabara iliandika "kawaida", kwa kuwa karatasi nyingi huweka mpaka kwenye 40. Mpaka wa WHO ni 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Virusi vyake vilizidi 9,000. Nilipomuuliza kuhusu wazazi, akasema baba yake alikufa tumbo likiwa limejaa maji, na ukoo ukaamini karogwa. Miaka sita hakuna aliyemuuliza swali hilo.

Ameanza tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Haikiondoi kirusi mwilini, inakizuia kuzaliana, kwa hiyo wengi huinywa miaka mingi. Usiiache ghafla kwa sababu unajisikia vizuri au kuna mtu amekuuzia mizizi: virusi huweza kurudi kwa kishindo na ini likashindwa kazi ndani ya wiki chache.

Nilimwagiza amlete mkewe, ambaye ni mjamzito, na watoto wawili. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa ugonjwa kuwa sugu ni karibu asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 ni nzuri, lakini kwa mtoto wa mama mwenye virusi wiki sita ni mbali mno. Anahitaji dozi ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na mama huweza kupewa tenofovir kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito. Ulizia dozi hiyo kliniki mapema, kabla uchungu haujaanza, ili ikibidi itafutwe. Mke wa yule baba anakuja Jumanne.