Barua ya Askari na Somo la Fizikia

Fizikia katika shule zetu nyingi hufundishwa kana kwamba ni kazi iliyokwisha kumalizwa na watu wengine, mahali pengine, zamani. Mwanafunzi hupewa kanuni na jina la mtu aliyeigundua, kisha hutakiwa akariri vyote viwili. Kwa kijana wa Mikindani, Msimbati au kijiji kilicho karibu na mlango wa Mto Ruvuma, somo la namna hiyo humwambia kimyakimya kwamba sayansi haimhusu. Maoni yangu ni kwamba maisha ya wanasayansi hayana budi kufundishwa vyuoni na shuleni, lakini yafundishwe kwa kuonyesha jinsi maswali yao yalivyopokewa. Humo ndimo limo funzo kubwa kwa mwalimu.

Mfano mmoja ni wa Oleg Lavrentiev, aliyezaliwa mwaka 1926 katika mji wa Pskov, Urusi. Vita Kuu ya Pili ilimkatiza masomo akaingia jeshini, na baada ya vita akawa askari katika kisiwa cha Sakhalin, mashariki kabisa mwa Urusi ya Kisovieti, maelfu ya kilomita kutoka Moscow. Huko alisoma vitabu na majarida ya fizikia kwa juhudi yake mwenyewe, akamaliza masomo ya sekondari katika shule ya jioni. Mwaka 1950 aliandika mapendekezo yake na kuyapeleka Moscow. Jambo lililomshughulisha ni hili: viini vya atomu nyepesi, kama vile haidrojeni, vikiungana hutoa nishati nyingi mno, lakini ili viungane kwa wingi huhitaji joto la mamilioni ya nyuzi, na hakuna chungu wala tanuri liwezalo kustahimili joto hilo. Askari huyo alipendekeza kwamba vitu hivyo vya moto vizuiliwe kwa nguvu za umeme, visiguse ukuta wowote.

Karatasi zake zilipelekwa kwa Andrei Sakharov, mwanafizikia kijana aliyekuwa amekwisha kuwa na cheo katika utafiti wa nyuklia. Sakharov aliona kasoro katika mpango huo, naye akazitaja. Hata hivyo hakuutupa. Aliandika kwamba mwandishi ameligusa suala lenye uzito mkubwa na kwamba anastahili kusaidiwa. Zaidi ya hayo, kasoro ile ilimfanya afikiri: kama nguvu za umeme hazifai, je, sumaku? Katika mwaka huohuo yeye na mwalimu wake Igor Tamm walianza kupanga chombo cha duara kama pete, ambamo sumaku huzuia gesi ya moto. Kutokana na fikra hiyo ulizaliwa mtambo uitwao tokamaki.

Tusiipambe hadithi hii kupita kiasi. Lavrentiev aliitwa Moscow, akasoma chuo kikuu, lakini mabadiliko ya siasa yalimweka kando. Tangu mwaka 1956 alifanya kazi Kharkiv, Ukraini, hadi alipofariki mwaka 2011. Nyaraka za mchango wake zilichapishwa mwaka 2001, nusu karne baada ya barua ile. Wala kazi yenyewe haijakamilika. Mwaka 2023 tokamaki ya JET iliyokuwa Culham, Uingereza, ilitoa megajuli 69 za nishati, yaani sawa na uniti 19 hivi za umeme kwa hesabu ya LUKU, nayo ilitumia nishati kubwa kuliko iliyotoa. Mtambo mkubwa zaidi, ITER, unajengwa Ufaransa. Mwanafunzi akielezwa hayo bila kufichwa ataelewa kwamba fizikia bado ina milango iliyo wazi.

Huenda msomaji akasema kwamba Sakhalin ni mbali. Basi na tuje nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona maziwa yaliyowekwa kwenye jokofu yakiwa moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Na baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, swali lake lilifanyiwa mzaha darasani. Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo aliulizwa swali lilelile. Naye pia alilitilia shaka, lakini aliporudi Dar es Salaam alilifanyia majaribio. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Tofauti ya Osborne na waliotangulia haikuwa wingi wa elimu; ilikuwa kwamba alipima kabla ya kuhukumu.

Sasa tutazame mwambao wetu. Katika mashamba ya chumvi maji ya bahari huachwa juani hadi yakauke. Jua hilo ndilo tanuri la kuunganisha viini: kila sekunde hugeuza tani milioni 600 hivi za haidrojeni kuwa heli. Na katika maji yale, atomu moja kati ya kila 6,400 hivi za haidrojeni ni haidrojeni nzito, ambayo ni mojawapo ya fueli za mitambo niliyoitaja. Karibu na hapo kuna gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, ambayo tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mwanafunzi anayeona vyote hivyo ana haki ya kuuliza: moto wa gesi na moto wa Jua vinatofautianaje? Swali hilo hufungua sura nzima ya fizikia, kwani katika gesi inayoungua atomu hubadilishana washirika tu, ilhali katika Jua viini vyenyewe hubadilika.

Walimu wenzangu watasema muhtasari ni mrefu na mtihani haungoji. Ni kweli. Lakini swali moja lililopimwa kwa dakika kumi hukaa akilini kuliko kanuni kumi zilizokaririwa. Aidha, maswali mengi hufia kinywani kwa sababu mwanafunzi hana Kiingereza cha kuyasemea. Aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili kwanza. Lugha ya mtihani itafuata.

Napendekeza basi kwamba kila mwanachuo wa sayansi, wakati wa mazoezi ya kufundisha, aweke daftari la maswali ya wanafunzi, na kando ya kila swali aandike alivyolijibu au alivyolipima. Mkufunzi anapomkagua alisome daftari hilo pamoja na andalio la somo. Tutajua upesi nani anafundisha na nani anasomea darasa kitabu. Sakharov aliijibu barua ya askari asiyemjua, aliyekuwa mwisho wa nchi. Sisi wanafunzi wetu tunao mbele yetu, nao wameinua mikono.