Sheria ya Bweni na Sukari ya Mwenzetu



Napenda kutoa maoni yangu katika gazeti letu la muhula huu juu ya sheria moja ya bwenini. Siandiki ili kuwalaumu walimu wetu, wala viranja wenzangu. Kama yuko wa kulaumiwa kwanza, ni mimi.

Sheria yenyewe sote twaijua: chakula ni marufuku bwenini. Sababu yake ni njema. Makombo huleta sisimizi na panya, panya hutafuna madaftari na nguo, na tena biskuti za mtu mmoja huweza kuzua wizi na ugomvi wa watu kumi. Mimi nikiwa kiranja wa bweni nimeisimamia sheria hiyo kwa moyo wote. Jumamosi moja ya muhula uliopita, katika ukaguzi wa masanduku, nilikuta kwa mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili kifuko cha sukari na chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, hiyo ni dawa yangu." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka pia. Tangu lini sukari ikawa dawa? Nikavichukua vyote viwili, nikavipeleka stoo, nikaona nimetimiza wajibu wangu.

Haikupita wiki. Jumatano jioni palikuwa na mechi ya mabweni, na mdogo wetu alicheza tangu mwanzo mpaka mwisho. Usiku huo umeme ukakatika, mpishi akachelewa, na ugali ukawa haujaiva hata saa mbili na nusu. Nilipoingia bwenini na tochi nilimkuta ameketi kitandani, shati limelowa jasho kama aliyenyeshewa, mikono inatetemeka, na maneno yake hayana kichwa wala miguu. Tulipomshika alitusukuma kwa hasira, naye ni kijana mpole kuliko sote. Mmoja akasema amelewa. Mwingine akasema ana mapepo, aitwe mtu wa kumsomea. Patroni alipofika hakuuliza mengi. Aliuliza neno moja tu: "Sukari yake iko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Nilikimbia stoo nikakuta kufuli. Nikakimbia jikoni, mpishi akanipa sukari katika kikombe, tukaikoroga na maji, na kwa kuwa mgonjwa alikuwa bado aweza kumeza, patroni akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa alitutazama mmoja mmoja, akauliza mbona tumemzunguka. Robo saa hiyo sitaisahau maishani mwangu.

Mdogo wetu ana ugonjwa wa kisukari wa aina ya kwanza, yaani ule unaowashika zaidi watoto na vijana. Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari hizi, naye amekubali kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Patroni na Mwalimu Mkuu walijua tangu siku alipoandikishwa, bali sisi hatukuambiwa, maana yeye mwenyewe aliomba iwe siri. Katika shule ya msingi wenzake walikataa kunywa katika kikombe chake, wakidhani wataambukizwa.

Baada ya usiku ule nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Bailojia, nikamwuliza mpaka nikaridhika. Nimejifunza kwamba mwili wa binadamu una tezi nyingi, na nyingine kati ya hizo hutoa homoni. Homoni ni kama tarishi: hutoka katika tezi, hupita katika damu, hupeleka amri mahali pa mbali. Kongosho, lililolala nyuma ya mfuko wa tumbo, lina kazi ya kulinda kipimo cha sukari katika damu. Kipimo hicho ni kidogo cha kushangaza. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na sukari iliyomo katika damu yote hiyo haizidi sana kijiko kimoja cha chai. Ikikaa juu mno kwa muda mrefu huharibu macho, figo na mishipa. Ikishuka mno ubongo hukosa chakula, na mtu huanza kupotewa na akili zake.

Tukisha kula, kongosho hutuma homoni iitwayo insulini. Hiyo huamuru misuli ipokee sukari, na huamuru ini liweke akiba. Tukikaa na njaa, au tukikimbia uwanjani, insulini hupunguzwa, na tarishi wa pili, aitwaye glukagoni, huenda kuliamuru ini lifungue ghala. Ndiyo sababu mimi na wewe twaweza kucheza mpira na kungojea ugali mpaka saa tatu, tukanung'unika tu na tusianguke.

Mwenzetu hana tarishi huyo wa kwanza. Kinga ya mwili wake mwenyewe ilikosea, ikaziharibu chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Hakula sukari nyingi utotoni, wala hakurogwa, wala hawezi kumwambukiza mtu. Anajichoma sindano ya insulini kila siku ili aishi. Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hatuijui: tarishi aliyetumwa kwa sindano haitikii wito wa kurudi. Mechi ikirefuka na chakula kikichelewa, yeye huendelea tu kuiondoa sukari katika damu. Mwili ukiona hatari hiyo huomba msaada kwa tezi zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa homoni ya adrenalini. Hiyo ndiyo iletayo jasho, mapigo ya moyo ya haraka na mtetemeko. Yale tuliyoyaita mapepo yalikuwa ni mwili wa mwenzetu ukipiga kengele, nasi tukashindana juu ya nani aitwe kumsomea.

Wasomaji wapenzi, zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kutoa insulini katika kongosho za wanyama. Januari 1922 alichomwa mgonjwa wa kwanza, kijana Leonard Thompson, aliyekuwa na umri wa miaka 14 na amekonda kabisa. Sindano ya kwanza haikufaa sana, lakini baada ya James Collip kuisafisha dawa, kijana yule alipata nafuu na akaishi miaka 13 zaidi. Fikiri, umri wake ulikuwa sawa na wa wadogo zetu wa Kidato cha Pili.

Lakini dawa kuwako duniani si sawa na mgonjwa kuwa salama. Hapa kwetu Dar es Salaam, madaktari wa Muhimbili waliwafuatia wagonjwa 1,250 wa kisukari walioandikishwa tangu mwaka 1981 hadi 1987, na habari zao zikachapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari la Uingereza. Katika wale waliohitaji insulini, zaidi ya robo hawakutimiza miaka mitano tangu kuandikishwa. Insulini ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa kwa miaka sitini. Tangu wakati huo matibabu yamesonga mbele sana, lakini nalisema hili kwa sababu moja: kati ya dawa na mgonjwa wako watu, nao waweza kuwa daraja au ukuta. Usiku ule mimi nilikuwa ukuta.

Siku ya wazazi kutembelea nilimwona mama yake, aliyetoka Mbagala kwa daladala mbili. Nyumbani kwao hawana jokofu. Huweka chupa za insulini katika chungu kidogo, akakitia chungu hicho ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa maji, naye huumwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto, na ndani ya chungu hubaki ubaridi. Sisi tuliisoma habari hiyo katika Fizikia tukaandika mtihani. Yeye huitumia kumlinda mwanawe katika joto la Dar es Salaam. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanishukuru kwa kukimbia jikoni usiku ule. Nikaona haya, nikamweleza kwamba ndimi niliyemnyang'anya mtoto wake ile sukari. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi sasa ukague sanduku lake kila Jumamosi. Ukikuta sukari haimo, mgombeze." Nami nafanya hivyo mpaka leo.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, sheria ya chakula ibaki, bali iongezwe neno moja: mwanafunzi mwenye cheti cha daktari aruhusiwe kuweka sukari au soda kitandani kwake, katika kopo lenye kifuniko, hata sisimizi wasipate sababu. Pili, kila mwaka mpya unapoanza, viranja wa mabweni yote wafundishwe dalili za hatari: jasho jingi la ghafla, kutetemeka, njaa kali, hasira isiyo na sababu na maneno ya ovyo. Wafundishwe pia la kufanya: kumpa mgonjwa vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari, kungojea robo saa, kurudia kama hajapata nafuu, na kisha kumpa chakula. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, maana atapaliwa. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali upesi. Tatu, umeme ukikatika, mwenye maradhi haya apewe chakula chake kwanza, hata kama ni uji na kipande cha mkate.

Najua wako watakaosema, "Ukimruhusu mmoja, kesho wote watakuwa wagonjwa." Mimi nauliza: mwenye miwani akiketishwa mbele darasani, je, darasa zima hutafuta miwani? Wengine watasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ni kweli, lakini fundi hodari hutazama kwanza kilicho chini ya msumeno wake. Sheria iliyo sawa kwa watu wote haina budi kukumbuka kwamba miili yao si sawa.

Tena sisi vijana ndio tusiostahili kabisa kumcheka mtu kwa ajili ya tezi zake. Ni nani kati yetu aliyeiamuru sauti yake ikawa nzito? Ni nani aliyeagiza chunusi, au aliyejipimia urefu wake? Tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere, ndiyo iliyotoa amri, nasi tukabadilika bila kuulizwa. Hatukupewa adhabu kwa hayo. Basi na mwenzetu ambaye kongosho lake limenyamaza asiadhibiwe kwa kubeba mfukoni kazi ambayo kongosho zetu hutufanyia bure usiku na mchana.

Wazee wetu walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nililala vitanda viwili kutoka kwa ndugu huyu muhula mzima, nisijue linalomsumbua, na hata aliponiambia kwa kinywa chake sikumsadiki. Wazazi, ikiwa mtoto wenu ana maradhi ya namna hii, msiishie kumwambia Mwalimu Mkuu tu. Shaurianeni na mtoto mwenyewe, naye akubali angalau kiranja na jirani yake wa kitanda wajue. Nanyi viranja wenzangu, mdogo wenu akiwaambia kwa sauti ndogo, "Hiyo ni dawa yangu," mwulizeni kwanza kabla ya kucheka.

Naomba Baraza la Wanafunzi lilitazame jambo hili katika mkutano wake ujao.

Ni mimi,
Kiranja wa Bweni, Kidato cha Nne