Kitenzi "Kujiua" na Walioachwa Nje Yake

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mazishi ya jirani yetu, mkulima wa mahindi katika kijiji kisicho mbali na mji wa Eldoret. Yalikuwa mazishi ya haraka: hapakuwa na nyimbo, wala wasifu wa marehemu. Mzee aliyepewa nafasi ya kusema alitamka neno moja tu: "Amejiua." Kisha akaketi. Waombolezaji wote walijua kwamba mwendazake alikuwa na deni, kwamba mnunuzi alikuwa amechukua mahindi yake bila kumlipa, na kwamba mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Hayo hayakutajwa. Neno moja lilitosha kuyafunika yote.

Sisi wanafunzi wa sarufi twalijua neno hilo vyema. Kiambishi -ji- hurejesha tendo kwa mtenda, hivi kwamba mtenda na mtendwa huwa mtu mmoja. Kisarufi, hapana kosa. Kijamii, hata hivyo, kitenzi hiki hufunga mlango: mdai, mnunuzi na jirani aliyenyamaza wote hubaki nje. Rai yangu katika makala haya ni kwamba sisi wana-Kiswahili tuna wajibu wa kuufungua mlango huo.

Hoja hii si ngeni. Mnamo 1897 mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alieleza kuwa viwango vya kujiua hutofautiana baina ya jamii na jamii, na kwamba tofauti hizo hazielezeki kwa tabia za watu binafsi pekee. Tazama Japani. Baada ya msukosuko wa kifedha wa 1997, idadi ya waliojiua nchini humo ilizidi 32,000 mwaka 1998, na mwaka 2003 ikazidi 34,000. Mikoa ya mashambani kama vile Akita, ambako vijana wamehama na wazee wakabaki, iliathirika mno. Mnamo 2006 Wajapani walitunga sheria iliyotamka kuwa kujiua si tatizo la mtu binafsi tu, bali lina chanzo katika jamii. Mwaka uo huo wakarekebisha sheria ya wakopeshaji ili kudhibiti riba. Kufikia 2019 idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban 20,000. Hatua hizo huenda si sababu pekee, lakini funzo ni bayana: kilichojengwa na jamii chaweza kubomolewa na jamii.

Je, sisi? Kwa miongo mingi Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayestahili kifungo cha hadi miaka miwili. Aliyenusurika kifo alisubiriwa na pingu kando ya kitanda. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu, kupitia Jaji Lawrence Mugambi, ilitangaza kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Sheria imebadilika, lakini mazingira je? Hapa Uasin Gishu maisha ya wengi hutegemea mahindi. Mwaka 2018 wakulima wa Bonde la Ufa Kaskazini walingoja malipo ya nafaka kwa miezi mingi. Mwaka 2024 wengine wakauziwa mbolea bandia. Isitoshe, mikopo ya simu ilileta wadai waliowapigia jamaa na marafiki wa mkopaji ili kumwaibisha, mpaka Benki Kuu ikatoa kanuni za kuwadhibiti mwaka 2022. Sisemi kwamba kila deni huua. Wengi wana madeni na wanaishi. Aghalabu sababu hufungamana: maradhi ya akili, ulevi, ugomvi wa ardhi, upweke. Lakini tunapomwambia mdeni kuwa dawa ya deni ni kulipa, ilhali yeye mwenyewe hajalipwa, tumempa methali badala ya msaada.

Hata katika uhakiki wetu tumeteleza. Tunapofundisha *Kichwamaji* ya Euphrase Kezilahabi, kifo cha Kazimoto hugeuka mada ya udhanaishi. Tunapofundisha *Rosa Mistika*, kifo cha Rosa huwa onyo kwa wasichana wasiojichunga. Mara ngapi mtihani umetutaka tumchunguze baba mlevi aliyemlea Rosa kwa kipigo, au jamii iliyompima kwa ubikira wake? Tunamhakiki aliyekufa na kuwaacha huru waliobaki.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, tuache kumwita aliyejiua mwoga, na aliyenusurika tusimwite mshukiwa. Pili, wenzetu watakaoingia katika utangazaji wasitaje "sababu" moja ya kifo, wala kusimulia namna kilivyotokea. Waeleze mahali msaada unapopatikana. Tatu, tuulizane waziwazi. Kumuuliza mwenzio kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa ruhusa ya kusema. Mficha uchi hazai. Iwapo wewe msomaji unalemewa, mwendee mshauri wa chuo, hospitali, au shirika la Befrienders Kenya, na usiende peke yako ikiwa yupo wa kukusindikiza.

Yule mzee hakuwa mkatili. Alitumia neno alilopewa na lugha yake. Nasi ndio tunaosomea lugha hiyo. Siku nyingine tutakaposimama kando ya kaburi kama lile, tuseme angalau sentensi ya pili.