Uluguru Si Pazia la Studio

Tangu Juni 2024 treni ya SGR inamchukua mtu Dar es Salaam na kumshusha Morogoro kwa takriban saa mbili. Jumamosi wageni wanashuka na miwani yao ya jua, wanageuza mgongo, wanapiga picha na mlima nyuma yao, kisha wanauliza swali moja tu: nyama choma nzuri iko wapi? Jioni wanarudi walikotoka. Mlima umewatumikia kama yale mapazia ya studio za zamani, yenye mnazi na ndege ya kuchora.

Msiwacheke. Sisi wenyeji tuna hali mbaya zaidi. Nenda stendi ya Msamvu, waulize bodaboda kumi kama kuna aliyewahi kufika kilele cha Bondwa. Watakuonyesha kwa kidole minara ya mawasiliano kileleni, watakutajia nauli ya kukufikisha njia inapoanzia, na hatakosekana mmoja wa kukuambia, "Kule wanaenda Wazungu, mzee."

Kauli hiyo ndiyo ugomvi wangu leo, kwa sababu haikuota yenyewe. Ilipandwa.

Misitu ya mlima ule ilikuwa na wenyewe. Koo za Waluguru zilirithishana ardhi upande wa mama, na chifu Kingalu wa Kinole alifuatwa na watu wa mbali kuombewa mvua. Mwaka 1907 reli ya Mjerumani ikafika Morogoro. Mwaka 1909 misitu ya juu ikatangazwa kuwa ya serikali. Lakini waliouwekea mlima mipaka hawakujinyima raha zake hata kidogo: panda kutoka mjini utaikuta Morningside, jengo la enzi hizo, limejikalia kwenye hewa ya baridi likiutazama mji unavyochemka kule chini. Jina la Kiingereza, nyumba ya Mjerumani, ardhi ya Mluguru. Ukitaka kumfundisha mtoto historia ya nchi hii kwa dakika tano, mpeleke pale. Mtawala alipanda kupunga upepo. Mwenyeji alipanda kwa sababu ana mzigo.

Mwingereza naye akaja na matuta. Miaka ya 1950 mkulima wa Uluguru alilazimishwa kuchimba ngazi kwenye miteremko, kazi ya kuvunja kiuno, tena udongo wenye rutuba ukifukiwa na ule mfu ukiletwa juu. Mwaka 1955 watu wakachachamaa huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Baada ya hapo mpango wenyewe nao ukazikwa.

Kwa hiyo babu aliyemkanya mjukuu wake asipande huko juu kwenye mambo ya serikali hakuwa mwoga. Alikuwa na kumbukumbu. Ninachokikataa ni sisi, tulio huru kwa zaidi ya miaka 60, kuendelea kurithishana katazo la watu waliokwisha kufunga virago.

Mwaka 2008 misitu hiyo iliunganishwa ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, zaidi ya hekta 24,000, na leo iko mikononi mwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Hatua hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini sikiliza lugha ambayo mwananchi wa kawaida huisikia hifadhi ikitajwa: usikate, usichome, usilime, usiingie bila kibali. Tatu za kwanza sina neno nazo. Ya nne ina haki yake pia, ila kibali kina maana gani kwa kijana wa Kihonda asiyejua kinatolewa wapi wala kwa shilingi ngapi, ambaye hajawahi kusikia mtu akimwambia "karibu"? Mlango usiojulikana ulipo hauna tofauti na ukuta.

Najua nitakavyojibiwa. Watu wakizoea kupanda watatupa chupa, watachezea moto. Hoja hii hunichefua. Moto wa kiangazi huonekana kutoka mjini usiku, utepe mwekundu kwenye miteremko, na hauwashwi na wapanda mlima wa Jumamosi. Unaanzia mashambani, unatambaa, na mji mzima unautazama kama taarabu ya jirani. Nani atapiga simu? Nani ataubeba moyoni mti ambao hajawahi kuuegemea?

Mara ya mwisho nilipopanda, kitambi changu kilinisimamisha kabla hata ya Morningside. Nimekaa juu ya jiwe nahema kama mvukuto, wakateremka akina mama wawili na mikungu ya ndizi kichwani, miguu mitupu, wanaongea habari zao. "Pole, baba," mmoja akaniambia bila kupunguza mwendo. Juu zaidi ukungu ulishuka ghafla, kanga ya mtu aliye hatua ishirini mbele ikafifia ikapotea, nikaanza kusikia maji yakipita chini ya majani mahali nisipoyaona. Nilikaa kimya. Nina zaidi ya nusu ya umri wangu katika mji huu na niliona haya.

Maji hayo ndiyo yanayoishia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Oktoba 2022 mgao ulipobana, foleni za madumu zikajaa mitaani, ni wangapi kwenye foleni ile waliojua kwamba bomba lao linaanzia kwenye ukungu huu?

Tena kuna ndege. Kichwa cheusi, mgongo wa kijani, kifua cha njano. Duniani kote hana kwao pengine ila misitu ya Uluguru. Watu huvuka bahari na darubini shingoni kumtafuta, na anavyojificha juu kwenye vilele vya miti, mtu aweza kuondoka amebahatika kuisikia sauti tu. Mtoto wa Kilakala anamjua pengwini kwa katuni, huyu jirani yake hajawahi kutajiwa.

Na shule zetu? Basi likikodiwa, linaelekea Mikumi kutazama twiga. Sina ugomvi na twiga. Nauliza tu iweje mlima uliosimama juu ya paa la darasa usiwe na siku yake kwenye ratiba.

Tunajisifu kuwa mji kasoro bahari. Tungekuwa na bahari tungeifanyia hivi hivi.

Basi nasema na wenye mamlaka: bandikeni bei ya Mtanzania pale treni inaposhusha watu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya ofisi. Waongozaji wawe vijana wa vijiji vya mlimani, na malipo yao yajulikane. Morningside irekebishwe, siku moja kwa mwezi iwe ya wanafunzi wa Morogoro bila malipo. Fedha za semina moja ya uhifadhi zingetosha kuanzia.

Na wewe mwalimu usisubiri. Omba kibali, waambie watoto waje na maji ya kunywa, mihogo ya kuchemsha na sweta. Kutoka mjini hadi Morningside ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa mguu, na kabla ya jua kuchwa kila mmoja atakuwa kwao.