Vijana Wetu na Kahawa Inayouzwa Ikiwa Maua

Tunapenda kuzungumza na wazazi na wanafunzi wetu wakubwa juu ya ugumu wa maisha unaowasumbua vijana wa hapa Omurushaka.

Kijana anayeanza maisha leo hudaiwa kodi ya chumba ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Mabati, saruji na sabuni hutoka mbali, na nauli ya lori huingia katika bei. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, petroli nchini ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na bidhaa nyingine zikapanda nayo. Gharama za harusi tuziache leo, maana hizo tumejitwisha wenyewe.

Tunalotaka kulisema ni hili. Kijana akibanwa, mara nyingi mali yake ni mibuni michache aliyopewa na baba yake. Huenda kwa mwenye fedha akaiuza kahawa ikiwa bado maua. Ndiyo butura, nani wa Karagwe na Kyerwa asiyeijua? Serikali imeipiga marufuku, na mwaka 2018 iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, lakini watu huifanya kwa siri. Msimu ukifika, kijana anachuma na kuanika kahawa ambayo si yake tena. Shida iko pale pale, naye anauza maua ya mwaka unaofuata.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla uzuri wake haujadhihiri, hadithi hiyo ya Ibn Umar wameipokea Bukhari na Muslim. Mvua ikikosekana, mmoja atakuwa amekula mali ya mwenzake bure. Wapo wanunuzi wanaojitetea kuwa hii ni salam. Sivyo. Salam ina kipimo maalum na muda maalum, fedha yote hulipwa pale pale, wala haifungwi kwenye miti ya shamba fulani. Anayelipa leo kwa kilo 100 kavu za kupokea mwezi wa saba, zitoke shamba lolote, huyo anaweza kusema salam (ingawa bado ana sheria ya nchi ya kuiangalia). Anayenunua maua kwa kukadiria kwa macho hawezi.

Linalotuuma zaidi ni kwamba mnunuzi si mgeni. Ni jirani, ni ami, pengine ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Na huyo huyo hulalamika kuwa vijana wa siku hizi hawaoi, wanakimbilia Mwanza. Wanaomkwepa huangukia mikopo ya riba iitwayo kausha damu, na jina lake linatosha.

Wazee wetu, kijana akija na shida ya laki moja au mbili, mkopesheni qardh hasan, irudi ile ile baada ya mavuno. Andikeni na muweke mashahidi, kama ilivyoagizwa katika Suratul Baqara aya ya 282. Kuandikiana si kudharauliana. Nanyi vijana, siku chama kikiwalipa, deni la mzee litoke kwanza, simu mpya baadaye.

Wabillahi tawfiq.